Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Mimi huandika wafu. Sisemi hivyo kwa kujidai, ingawa kujidai naweza. Ukipita Juaso, mji wetu huku Ghana, Jumamosi yoyote ukakuta watu wamevaa nyeusi na nyekundu, wamejipanga kwenye viti vya plastiki chini ya maturubai, kila mmoja ameshika kijitabu chenye picha ya marehemu, fungua ukurasa wa tatu. Wasifu utakaousoma pale ni kazi yangu. Kwa miaka ishirini na saba nimewaandika wakulima wa kakao, manesi, madereva, walimu wenzangu, na mganga mmoja ambaye ukoo wake ulinikataza kutaja wake wanne kati ya sita. Hakuna aliyezikwa vibaya kwa kalamu yangu. Hata yule fundi bomba ambaye mji mzima ulimjua kwa ulevi, siku ya maziko yake mjane alinishika mkono akaninong'oneza, "Madam, laiti ningeolewa na huyu uliyemwandika."

Kwa hiyo Abrafi alipoingia dukani kwangu ninapoandikia Jumatatu moja asubuhi, amebana bahasha kifuani na macho yako chini, nilijua kilichomleta. Nilivuta daftari langu na kumwonyesha kiti.

"Pole, mwanangu. Kaa. Nani?"

"Nani nini, Madam?"

"Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Nimekuja uniandike mimi."

Nilimtazama vizuri. Miaka kumi na tisa, mabega mapana, afya tele. Nilimjua tangu akibebwa mgongoni. Mama yake, Maame Pokuaa, ndiye muuza dokono wa karibu na mahakama, na sijui mtu wa Juaso ambaye hajapata kula yale madonge yake ya unga uliochachuka, yaliyofungwa kwenye maganda ya mahindi. Binti alikuwa amemaliza sekondari mwaka uliotangulia na kufaulu kuliko wavulana wote wa darasa lake. Hilo nalo mji mzima ulilijua, maana mama yake alikuwa akilitaja kwa kila mteja, kabla hata ya kuuliza kama anataka samaki.

Alinifungulia bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya chuo kikuu cha Kumasi, wamempa nafasi ya kusomea uhandisi. Mlikuwa na fomu ya mfuko mmoja wa ufadhili, ule unaolipia masomo yote hadi mwisho. Na mlikuwa na karatasi ya mwaka jana kutoka mfuko huohuo, mistari mitatu tu, ikisema samahani.

"Wanaruhusu kuomba mara mbili," alisema. "Hii ya pili ndiyo ya mwisho. Nikikosa, chuo hawatanishikia nafasi tena, na mama hawezi kulipa. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana, Kumasi, mkononi."

"Mwaka jana uliandika nini?"

Akanipa nakala. Niliisoma mara moja, nikaivua miwani, nikaivaa, nikaisoma tena. *Mimi ni mtoto wa kawaida. Kwa neema ya Mungu nilizaliwa. Kwa jasho la mama yangu nilisoma. Kwa uvumilivu wa walimu wangu nilifaulu.* Ikaendelea hivyo kurasa mbili. Mungu alikuwemo mara tisa, mama mara saba, walimu mara sita. Abrafi mwenyewe alionekana pale alipozaliwa, kisha hakuonekana tena.

"Wewe ulikuwa wapi," nikamuuliza, "wakati wenzako wote hawa wanafanya kazi?"

"Madam, mtu hajisifu. Mama kanilea hivyo. Kizuri chajiuza."

"Chajiuza kikiwa mezani, watu wanakiona. Wewe umejifungia kabatini na ufunguo umeumeza." Nilimnyang'anya fomu. "Niachie. Watu wamenijia wakiwa na mabaya tupu nikawatoa watakatifu. Wewe una mazuri, nitashindwaje?"

Najua kuwa maringo yalikuwa yamenijaa siku ile. Nilifanya kazi kama nifanyavyo siku zote. Nilikwenda kwa shangazi zake, kwa mchungaji, kwa kiongozi wa kwaya, kwa mjomba wake anayeuza vipuri. Nikauliza maswali yangu yaleyale, na wao wakanijibu majibu yaleyale, na pale mtu alipotaka kuniambia la pembeni nilimkatiza kwa upole, kama nilivyozoea, maana kwenye wasifu ugomvi haukai. Jumanne adhuhuri nilikuwa nimemaliza. Kurasa mbili, safi, zina mdundo. Nilijisomea kwa sauti dukani na nikajipenda.

Nikaamua kwenda kuusoma nyumbani kwao, uani, kama tusomavyo kwa wafiwa ili wakubali kabla haujapelekwa kwa mpiga chapa. Sikuona ubaya. Maame Pokuaa alikuwa amekaa kwenye kibao, anafunga dokono, sufuria kubwa linachemka mbele yake. Majirani wanne watano walisogea na vigoda. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza.

"Abrafi alikuwa nguzo ya nyumba na taa ya ukoo. Tangu utoto wake alijulikana kwa unyenyekevu. Hakuwahi kukosana na mtu. Aliwapenda wakubwa na wadogo, na tabasamu lake litakumbukwa na wote waliobahatika kumjua."

Mikono ya Pokuaa ilisimama. Nikadhani ameguswa na maneno, nikaongeza sauti. Ukurasa wa pili, jirani mmoja mzee akajitwika mikono kichwani, vile wanawake wetu wanavyojitwika msiba ukiingia. Mwingine akaanza kupangusa macho. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipofika mwisho mdomo wangu ulikwenda wenyewe ulikozoea kwenda, nikamalizia, "Lala salama, binti yetu."

Pokuaa akainuka, akaja hadi nilipo, akazichukua zile karatasi mkononi mwangu na kuzitia chini ya sufuria. Tulizitazama zikiungua.

"Konadu," aliniambia. "Nina mtoto mmoja. Mmoja. Umekuja nyumbani kwangu mchana kweupe, na miguu yako miwili, umenizikia."

"Pokuaa, sikukusudia..."

"Toka. Na hiyo fomu yenu sitii sahihi. Kama kwenda chuo ni lazima kwanza asomewe hivyo mbele za watu, basi atauza dokono. Atauza dokono akiwa hai."

Nilitoka. Njia nzima nilikuwa nikigombana naye kimoyomoyo, nikimpa majibu makali ambayo sikumpa mbele yake. Mwanamke asiyejua kusoma ananifundisha kazi. Karatasi zangu anazifanya kuni. Nilifunga duka mapema, na mteja aliyekuja na habari za babu yake nilimwambia babu asubiri, haendi popote. Lakini hasira ni hasara, na ilipopoa niliona kilichobaki chini yake. Fomu ilihitaji sahihi ya mzazi. Siku zilibaki tatu. Yule mtoto alikuja kwangu akiwa na nafasi moja tu duniani, na mimi nilikuwa nimeitia motoni, kwa sababu sikuwa najua kuandika mtu ambaye kesho ataamka.

Jumatano asubuhi nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya duka.

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Anajua niko mashineni kusaga." Alikuwa na beseni la mahindi yaliyolowekwa, kweli. "Madam, kuna kitu kimenichekesha jana. Wewe ulisoma kwamba sijawahi kukosana na mtu. Mama kabla hajaanza kukasirika, pale aliguna. Mimi nilimwona."

"Kwa nini aliguna?"

"Kwa sababu Bediako alinifukuza mashineni mara mbili mwaka jana. Ya tatu alitaka kunipiga kwa chekecheo."

Bediako ndiye mwenye mashine ya kusaga, na mashine ni hiyo moja tu upande wetu wa reli. Ni mtu mnene wa kelele, kwa sababu miaka thelathini ya ule mtambo imemwacha nusu kiziwi na anadhani sote tuko hivyo. Nilimwambia Abrafi atue beseni na anieleze, na safari hii sikumkatiza.

Alisema kwamba tangu akiwa na miaka minane alikuwa akishinda asubuhi nzima kwenye foleni ile na mahindi ya mama yake. Foleni ilikuwa vita. Mmoja analeta mahindi makavu, mwingine yaliyolowekwa, mwingine kunde, mwingine karanga, mwingine pilipili. Kila aina ikija, Bediako anazima, anafungua, anafuta, anabana upya vyuma vya kusagia, anawasha. Na anayemfuata mwenye pilipili, dokono lake siku hiyo linawasha midomo ya wateja, na kesho yake ni matusi. Mwaka ule alipomaliza shule, Abrafi alikaa wiki tatu kwenye foleni ile na daftari na saa ya mkononi ya mjomba. Aliandika kila kilichosagwa, kimeanza lini, kimeisha lini, mashine imesimama kwa muda gani.

"Nikaona mashine inafunguliwa na kufutwa kwa muda mrefu kuliko inavyosaga," alisema. "Sasa kama makavu yote yangeanza, halafu yaliyolowekwa, halafu kunde, halafu karanga, na pilipili mwisho kabisa, kisha apitishe pumba kidogo kuisafisha, angefungua mara nne tu kwa siku. Nikamwambia. Akaniambia mtoto wa dokono hamfundishi mashine."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu nilisimama mlangoni. Nikamwambia sitoki mpaka ajaribu siku moja. Akasema atajaribu ili niaibike mbele za watu. Akajaribu. Saa nne asubuhi foleni ilikuwa imekwisha."

Ule utaratibu niliujua. Juaso nzima iliujua. Umeandikwa kwa rangi ya kijani kwenye ukuta wa mashineni, mistari mitano, na juu yake herufi kubwa: UTARATIBU WA BEDIAKO. Watu walimsifu kanisani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeuandika kwenye daftari langu, kwenye ukurasa niliomtengea siku yake itakapofika.

"Alichukua kazi yako akaandika jina lake, na wewe ukanyamaza?"

Aliinua mabega. "Foleni ilikwisha, Madam. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka."

Nilikuwa najivunia mtoto ambaye si wangu, na hali hiyo ilikuwa ngeni kwangu. Nimewaandika watu mia kadhaa, na wengi ilinibidi nichimbe hadi chini kupata jambo moja walilolifanya kweli kwa mikono yao. Huyu alikuwa nalo, na alilificha kwa adabu.

"Daftari liko wapi?"

Alilitoa chini ya beseni. Lilikuwa na madoa ya unga na harufu ya chachu. Kurasa sitini za saa na dakika, kwa mwandiko mdogo ulionyooka.

Sikushika kalamu mimi. Nilimpa yeye, nikamkalisha mezani kwangu, nami nikakaa upande wa wateja. Kazi yangu ikawa kuuliza. Saa ngapi? Nani alikuwa mbele yako? Alikutukana tusi gani? Uliogopa? Basi andika kwamba uliogopa. Kila alipoteleza akarudi kwenye "kwa neema", nilipiga meza kwa kiganja.

"Madam, si dhambi kumwacha Mungu nje?"

"Mungu anajua alichokifanya. Kamati ndiyo haijui ulichokifanya wewe."

Alipomaliza nilisoma. Hayakuwa maneno yangu. Hayakuwa na nguzo wala taa. Kulikuwa na msichana mkaidi, na beseni, na daftari, na kosa alilolifanya wiki ya kwanza aliposahau kuhesabu muda wa kubana vyuma ikabidi aanze upya. Mkono uliniwasha kutaka kuongeza sifa hapa na pale. Niliukalia.

Ikabaki barua ya kumshuhudia. Mwalimu wake wa fizikia alikuwa ameshaandika ya kwake, lakini fomu ilitaka ya pili, ya mtu aliyemwona akifanya jambo hilo lenyewe. Mtu huyo alikuwa mmoja. Mchana ule nilikwenda mashineni.

"Niandike nini?" Bediako alipaza sauti juu ya mashine. "Kwamba nilifundishwa kazi yangu na binti wa muuza dokono? Konadu, dada yangu, nitachekwa kuanzia hapa mpaka Kumasi."

"Utaandika kweli."

"Kweli? Wewe ndiye unanihubiria kweli? Yule fundi bomba ulimwandika kuwa baba mwenye kiasi. Tulikuwa tunasoma huku chupa zake bado ziko chini ya kitanda."

Wanawake kwenye foleni walicheka. Aliyesema kweli alikuwa yeye. Basi nilimpa tu zile karatasi za Abrafi. Alijipangusa unga mikononi, akazisogeza mbali na macho kwa kuwa miwani hana, akasoma akitembeza midomo. Nilijua anatafuta pale alipoitwa mwizi. Hapakuwepo. Kulikuwa na mistari hii: *Mwenye mashine alinikatalia mara mbili. Mara ya tatu alikasirika, lakini alijaribu, mbele ya watu. Sijaona wakubwa wengi wanaokubali kujaribu wazo la mtoto wakiwa wamekasirika.* Habari za ukuta hakuzigusa kabisa.

Alisoma pale mara mbili. Kisha akanirudishia karatasi, akageukia mashine yake.

"Nenda zako," alisema. "Nina kazi."

Nilijua nimeshindwa. Nilirudi dukani nikajaribu kufikiria nani mwingine, sikumpata.

Alhamisi asubuhi Abrafi aliamua kumsomea mama yake mwenyewe. Mimi nilibaki nje ya geti, kwa vile nilikuwa nimepigwa marufuku, nikachungulia pembeni ya bati. Pokuaa alikuwa palepale kwenye kibao chake. Hakumwangalia mtoto. Abrafi akasoma kwa sauti, na mikono ya mama ikaendelea kufunga, dokono baada ya dokono. Alipofika pale mlangoni mwa mashine, *nikamwambia sitoki*, nilimwona Pokuaa akiuma mdomo. Alipofika kwenye chekecheo, mama alicheka. Alicheka mpaka akaweka unga chini na kujishika kiuno.

"Huyu," alisema. "Huyu ndiye niliyemzaa. Yule wa juzi sikumjua. Yule alikuwa malaika, na malaika hawana kazi nyumbani kwangu." Akapangusa mikono kwa kitenge, akaitaka fomu, na kalamu, akaandika jina lake taratibu, herufi moja moja, kama walivyomfundisha madarasa ya watu wazima. Kisha bila kugeuka akaita, "Konadu, ingia ndani. Acha kunisimamia getini kama mwizi wa kuku. Njoo ule."

Nilikuwa nimemega tonge la pili, na samaki wa kukaanga na pilipili mbichi, binti wa Bediako alipoingia na bahasha. Ilikuwa imefungwa kwa gundi, na sahihi imepita juu ya kifuniko kama masharti ya mfuko yalivyotaka, na alama ya kidole gumba chenye grisi. Aliikabidhi akaenda. Sijapata kutamani kufungua kitu maishani kama ile bahasha. Mtu anaweza kumwandikia mwenzake barua akamzika. Niliishika, nikaipima uzito, nikaitazama kwenye jua. Abrafi aliichukua mkononi mwangu.

"Madam," alisema, "hii si ya kwako kusahihisha."

Ijumaa saa tano na nusu alikabidhi kila kitu Kumasi. Kisha tukangoja.

Wiki ya sita nilikuwa mashineni na karanga zangu, wa nne katika kundi la karanga, simu ya Bediako ilipoita. Aliitazama namba, akaiweka sikioni, akapiga kelele, "Nani?" mara tatu. Ndipo akafanya jambo ambalo sisi sote tuliokuwepo hatukuwahi kumwona akilifanya hata kwa simu ya mkewe. Alizima mashine. Na kwa kuwa masikio yake ni yale, akabonyeza spika, na sauti ya mwanamke ikajaa chumba kizima.

Alijitambulisha kuwa ni wa kamati ya ule mfuko. Alisema kwamba wamesoma barua nyingi mwaka huu, na zote zinafanana, ila ya kwake haifanani na nyingine. Alitaka kuhakikisha jambo moja.

"Umeandika hapa, 'Utaratibu ulio ukutani kwangu si wangu.' Ni kweli uliandika wewe?"

Tulikuwa wanawake kumi na saba mle ndani. Bediako alitutazama, akautazama ukuta, akanitazama mimi. Angeweza kuzima spika. Angeweza kutoka nje. Niliona jasho likishuka kwenye unga uliomganda usoni na kuacha mistari.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ni wa Abrafi, binti wa Maame Pokuaa. Mimi nilimfukuza mara mbili. Ya tatu nikachoka."

"Lakini jina lililoandikwa ni lako?"

"Ni langu."

"Kwa nini?"

Alifikiri. "Kwa sababu yeye hakuandika lake."

Kisha yule mama akauliza kama angependa Abrafi arudi kufanya kazi naye.

"Hapana," Bediako alisema, na sauti yake ya kelele ikamrudia. "Akirudi hapa atanipanga na mimi foleni. Mpelekeni mahali penye mashine nyingi. Hii moja kaimaliza."

Alipokata simu, mwanamke mmoja mwenye pilipili, aliyekuwa wa mwisho kabisa kama utaratibu unavyotaka, alisema tu, "Kumbe." Bediako aliwasha mashine kabla mtu mwingine hajapata nafasi ya kuongeza neno. Nami nilisimama na beseni langu, na nasema wazi kwamba nilimwonea fahari yule mtu mnene kama nilivyomwonea Abrafi. Kusema vile mbele ya watu kumi na saba ni kazi nzito kuliko kusaga.

Majibu yalikuja siku kumi na mbili baadaye. Ilikuwa asubuhi ya wateja wengi kibandani kwa Pokuaa. Abrafi aliyasoma kwenye simu, akampa mama yake, mama akaninyooshea mimi, mimi nikayasoma kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakingoja dokono. Safari hii sikuongeza neno langu hata moja. Miaka yote hadi mwisho. Pokuaa aliingia ndani akatoka na kopo la poda nyeupe, akammwagia mwanawe mabegani, shingoni, kifuani, kama tumpakavyo mtu aliyeshinda kesi, na kwa kuwa tulikuwa mbele ya mahakama, makarani walitoka kuuliza nani kashinda. "Mwanangu," aliwaambia. "Mnataka na samaki?"

Mchana wake nilipita mashineni. Bediako alikuwa juu ya kigoda na kopo la rangi ya kijani. Hakuwa amefuta jina lake vizuri, linaonekana bado chini kwa mbali ukilitafuta, lakini herufi mpya zilikuwa kubwa kuliko zile za kwanza, zimepinda kidogo kwa sababu kigoda kina mguu mfupi: UTARATIBU WA ABRAFI.

"Rangi imebaki," aliniambia kabla sijauliza. "Nisingeitupa."

Nilirudi dukani nikafungua daftari kwenye ukurasa wake. Nikakata ule mstari wa utaratibu, na chini yake nikaandika habari ya simu. Siku yake ikifika nitaisoma yote, na kule kufukuza mara mbili pia, na ukoo wake ukinikataza watafute mwandishi mwingine.

Tulimsindikiza Abrafi kituoni Jumapili baada ya ibada, mama yake akiwa na mfuko wa dokono wa kulisha bweni zima. Bediako alikuja, akasimama mbali, akajifanya ana shughuli na fundi matairi. Mimi huwa nasimama nyuma watu wangu wanapoondoka. Ndivyo nilivyozoea, naushika wasifu mkononi, naangalia gari linawachukua, na wao hawaangalii nyuma. Gari la Kumasi lilipoanza kutembea nilikuwa nimeshageuka kurudi, nikasikia naitwa. Abrafi alikuwa ametoa kichwa na mkono mzima dirishani. Katika wote waliopita kwenye meza yangu kwa miaka ishirini na saba, ni yeye peke yake aliyegeuka akanipungia mkono.